Kisakinishi Kisichoomba Nenosiri

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za mji wa Ifakara, Tanzania, hujaa vijana wenye flashi mkononi. Vyeti vimeskaniwa, mafaili ya PDF ni mazito, na mifumo ya maombi huweka kikomo cha ukubwa. Karani hufungua programu, hutafuta faili, hulipunguza, hulihifadhi upya, kisha huanza tena kwa mteja anayefuata. Anayejua kuandika programu akiliona hilo hujiuliza: kwa nini karani asibofye kulia juu ya faili lenyewe, achague “Punguza PDF”, yaishe?

Nyongeza ya aina hiyo kwenye programu ya kusimamia mafaili huitwa kiendelezi. Kukiandika ni kazi ya siku chache. Kazi ngumu imo kwenye kisakinishi, yaani setapu inayokiingiza kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na ugumu wake hutegemea uamuzi mmoja wa awali: kiendelezi kitakaa wapi?

Kwenye Windows kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuandika agizo fupi kwenye rejista, mahali mfumo unapohifadhi mipangilio yake: kwa kila faili la PDF onyesha maneno haya, na yakibofywa washa programu ile. Programu hiyo huwaka peke yake, na ikianguka huanguka peke yake. Ya pili ni kutengeneza faili la DLL ambalo File Explorer, programu ya mafaili ya Windows, hulipakia ndani yake. Hapo unapata uwezo zaidi: menyu inayobadilika kulingana na faili lililochaguliwa, au alama ndogo juu ya ikoni kama zile za Dropbox.

Uwezo huo una gharama. Kabla ya Daraja la Magufuli kuanza kutumika karibu na Ifakara, magari, abiria na mizigo vilivuka Mto Kilombero kwenye sakafu moja ya pantoni. Mzigo mmoja ukiyumba, hakuna aliyeweza kusema haumhusu. DLL nayo imepanda sakafu moja na File Explorer, programu ambayo ndiyo pia huchora eneo-kazi na upau wa chini wa skrini. Kosa dogo ndani ya kiendelezi linaweza kuviondoa vyote mbele ya karani hadi Explorer iwake upya.

Mzigo wa kisakinishi nao huongezeka. Explorer ya biti 64 haipakii DLL ya biti 32, ilhali programu za zamani za biti 32 zikifungua dirisha la kuchagua faili zinahitaji ile ya biti 32. Kisakinishi makini hubeba zote mbili. Maktaba za Visual C++ zisipokuwepo, mara nyingi kiendelezi hakitoi hata onyo, hakionekani tu. Na alama za juu ya ikoni zina ukomo: Windows hutambua 15 tu, ikifuata mpangilio wa alfabeti. Ndiyo maana watengenezaji wengine huanza majina ya viendelezi vyao kwa nafasi tupu ili watangulie foleni.

Suala la ruhusa lina uzito wake. Ifakara ina taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi, na ambayo tangu 1996 hufuatilia vizazi, vifo na kuhama kwa watu katika vijiji vya bonde la Kilombero. Katika ofisi zenye takwimu za namna hiyo, kwa desturi mtumiaji wa kawaida hapewi nenosiri la msimamizi. Kisakinishi kinacholiomba hukwama hapo. Dawa ni kuandika kwenye sehemu ya rejista ya mtumiaji aliyeingia, na kuweka mafaili kwenye folda yake. Inno Setup, zana ya bure iliyoanza mwaka 1997, inaweza kutengeneza kisakinishi cha aina hiyo.

Kisha kuna bando. Setapu ndogo inayopakua sehemu iliyobaki mtandaoni huonekana nyepesi, lakini hukata katikati bando likiisha. Afadhali faili moja lililokamilika, kwa sababu litasafiri kwa flashi. Safari hiyo ina hatari isiyosemwa sana. Faili lililopakuliwa mtandaoni hubandikwa alama ya asili yake, na alama hiyo ndiyo huifanya Windows ionye kabla ya kuliwasha. Flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kuihifadhi. Faili likishapita kwenye flashi, onyo halitokei, hata kama njiani limeingiliwa na kirusi. Saini ya kidijitali ndiyo inayobaki: faili likiguswa, saini huvunjika, na karani anaweza kuiangalia kwenye sifa za faili.

Kukiondoa kiendelezi nako kuna adabu yake. DLL inayotumika haifutiki. Kisakinishi lazima kiombe Explorer ifungwe na kuwashwa tena, au kiahirishe ufutaji hadi kompyuta iwashwe upya. Njia ya rejista haina usumbufu huo. Kwa upande wake, Windows 11 ya mwaka 2021 imezisukuma njia zote hizi mbili kwenye menyu ya pili. Menyu ya kwanza hudai kifurushi chenye saini. Kwenye Linux, toleo la 43 la Nautilus, programu ya kusimamia mafaili, lilibadilisha msingi wake mwaka 2022 na viendelezi vingi vikahitaji kuandikwa upya, huku hati ndogo zilizowekwa kwenye folda ya mtumiaji zikiendelea kufanya kazi.

Kwa “Punguza PDF” ya steshenari, basi, agizo la rejista linatosha. DLL ingojee siku ambayo menyu haiwezi kufanya kazi bila kujua kilichomo ndani ya faili. Kabla ya kuisambaza setapu, zima intaneti kwenye kompyuta, ingia kama mtumiaji wa kawaida, sakinisha, kisha ondoa wakati File Explorer iko wazi. Ikidai nenosiri, ikitafuta mtandao au ikiacha maneno yake kwenye menyu, haijawa tayari kutoka Ifakara kwenda steshenari ya mji mwingine.