Kuoa na Kuolewa katika Rekodi za "Malaika"

Ni nadra kukutana na mzungumzaji wa Kiswahili asiyeujua wimbo "Malaika". Hapa mpakani, Busia na Malaba, huimbwa harusini watu wakipiga makofi, ilhali mnenaji wake ni kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa mali. Wakhayo, Wasamia na Wateso, ambao kwao mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, wangetarajiwa kuyasikia maneno hayo kama kilio. Makala haya yanalinganisha rekodi chache za wimbo huo ili kuona kilio hicho kimepitia wapi hata kikageuka shangwe.

Rekodi inayojulikana kuwa ya kwanza ni ya Fadhili William, mzaliwa wa Taita, akiwa na bendi ya Jambo Boys takriban mwaka 1960. Aliurekodi tena mwaka 1963 katika studio ya Equator jijini Nairobi, chini ya Charles Worrod. (Studio hiyo ndiyo iliyomlea Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Uganda, ambaye wimbo wake "Helule Helule" ulirekodiwa upya Uingereza na kundi la The Tremeloes mwaka 1968. Kuhama kwa nyimbo si jambo geni kwa watu wa mpakani.) Katika sauti ya Fadhili gitaa hutangulia na kujibu, na mwendo ni mwepesi. Hata hivyo, mwimbaji ni mwanamume, naye hutumia kitenzi oa kama kanuni inavyotaka. Umaskini ni wake, aibu ni yake.

Mwaka 1965 wimbo huo ulitokea katika santuri ya Harry Belafonte na Miriam Makeba iliyotolewa Marekani, ambayo mwaka uliofuata ilituzwa Grammy. Hapo mwendo umepunguzwa, na wawili hao wanaimba pamoja. Athari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Maneno ya kijana mmoja aliyekwama yamekuwa mazungumzo ya wapendanao wawili, na msikilizaji hudhani kwamba kizuizi kimeshaondoka, kwa kuwa mpenzi yupo na anaitikia. Kwa maoni yetu harusi zetu zimeirithi "Malaika" hiyo, wala si ile ya Fadhili.

Baadaye Makeba aliuimba peke yake majukwaani, na Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi katika albamu yake Logozo ya mwaka 1991, polepole, ala zikikaa nyuma ya sauti. Wote wawili walikiacha kitenzi oa kama kilivyo. Katika Kiswahili mume huoa, mke huolewa, wakitendeana, huoana. Ng'ambo ya mpaka Luganda nacho kina okuwasa kwa mwanamume na okufumbirwa kwa mwanamke. Basi mwanamke anapoimba kwamba angemwoa mpenzi wake lau angekuwa na mali, yapo mawili: ama anamwimbia mwanamume mwingine aliyetunga maneno hayo, ama anaidai nafasi ya mtoa mahari. Wapo watakaosema ni kosa la mgeni asiyejua sarufi. Sisi tunaona kwamba, kosa au la, kauli hiyo ina uzito. Mwalimu anayefundisha kauli ya kutendwa hatapata mfano ulio hai kuliko huo.

Neno jingine linalostahili kusikilizwa ni hukuwaza, analoambiwa yule kidege. Hu- yaweza kuwa ya mazoea, ikifuatwa na ku- ya mtendwa: mpenzi huwazwa kila siku. Yaweza pia kuwa hu- ya ukanushi wa nafsi ya pili, na ku- ya wakati uliopita: wewe hukufikiri. Mkazo hautusaidii, kwani katika maana zote mbili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu wa pwani huipata maana ya kwanza bila taabu. Kwetu bara, ambako mazoea husemwa kwa -nga, kama katika nakuwazanga, ni rahisi kusikia lawama mahali palipokusudiwa mapenzi.

Kuhusu rekodi ya Boney M. ya mwaka 1981 hatuna mengi ya kusema, isipokuwa kwamba iliufikisha wimbo Ulaya kwa wasikilizaji wasiojali nani anaoa na nani anaolewa.

Lipo pia dai la Adam Salim wa Tanzania kwamba aliutunga wimbo huo mwaka 1945. Fadhili aliyepokea sifa alifariki mwaka 2001, na ubishi haukuzikwa naye. Ikiwa dai la Salim ni la kweli, hata sauti ya Jambo Boys ni tafsiri ya mtu mwingine, na mwanafunzi anayenukuu maneno ya "Malaika" katika tasnifu yake analazimika kutaja ameyasikia katika rekodi ipi, ya nani, na ya mwaka gani.