Unapania kununua Celica kuukuu? Kagua injini na stakabadhi kabla ya kutoa pesa

AGHALABU mkulima au mfanyabiashara mdogo anapowaza kununua gari, linalomjia akilini ni pikapu au Probox, chombo cha kubebea mazao na bidhaa. Hata hivyo, wapo ambao baada ya misimu miwili mitatu ya mavuno mazuri, au baada ya duka kushika, hutamani gari la kujifurahisha pia: la milango miwili, lililolala chini na lenye injini ya kukimbia.

Magari mengi ya aina hiyo yana bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida hawezi kuifikia. Ndiposa Toyota Celica imebaki na wapenzi wengi. Ni gari la michezo lililoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu asiye tajiri, na sehemu zake nyingi za ndani ni zile zile za magari ya kawaida ya Toyota.

Lakini Celica changa zaidi unayoweza kuipata leo iliundwa 2006. Anayenunua kwa kuangalia rangi na rimu pekee huenda akajikuta akitoa mtaji wa duka kulipa fundi. Kabla hujakubaliana na muuzaji, ni vyema ujue gari hili limetoka wapi, toleo gani lina matatizo gani, na ni nini cha kukagua.

Chimbuko la Celica

Toyota ilionyesha Celica kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Tokyo mnamo Oktoba 1970, na ikaanza kuliuza mwezi Desemba mwaka huo. Wakati huo kampuni ya Ford ya Marekani ilikuwa imevuna pakubwa kutokana na Mustang, iliyoingia sokoni 1964. Siri ya Mustang ilikuwa nyepesi: chukua mitambo ya gari la kawaida la familia, ivalishe bodi ya kuvutia, kisha uza kwa bei ambayo kijana aliyeajiriwa anaweza kuimudu.

Toyota ilifuata njia hiyo hiyo. Celica ya kwanza ilijengwa juu ya fremu moja na Carina, gari la kawaida la milango minne. Nchini Japani mteja aliruhusiwa kuchagua mwenyewe injini, gia na mapambo ya ndani, hivyo mwenye pesa kidogo na mwenye pesa nyingi wote walipata lao.

Toleo la pili lilitoka 1977, na la tatu 1981. Yote matatu yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Mabadiliko makubwa yalikuja 1985, toleo la nne lilipoanza kuvutwa na magurudumu ya mbele. Supra, ambayo tangu 1978 ilikuwa tawi la Celica lenye injini kubwa, ilijitenga 1986 na kuwa gari linalojisimamia.

Baadaye yalifuata toleo la tano (1989), la sita (1993) na la saba (1999). Celica ya mwisho ilitoka kiwandani Aprili 2006.

Jina lililojengwa kwenye vumbi la Safari

Wakenya wengi hawakuifahamu Celica kupitia matangazo ya biashara. Waliiona ikipita kwa kasi wakiwa kando ya barabara wakati wa Pasaka, katika mbio za Safari Rally.

Mnamo 1984 Björn Waldegård wa Uswidi alishinda Safari akiendesha Celica yenye turbo. Juha Kankkunen wa Ufini alishinda 1985, naye Waldegård akarudi kushinda 1986. Baada ya hapo Toyota ilileta Celica GT-Four, inayosukumwa na magurudumu yote manne. Waldegård aliishindia Safari 1990, Carlos Sainz wa Uhispania 1992, na Kankkunen 1993.

Mwaka wa 1994 ushindi ulikuwa wa Mkenya, Ian Duncan, akiwa ndani ya Celica. Yoshio Fujimoto wa Japani alifuatia 1995. Kwa jumla gari hilo lilishinda Safari mara nane kati ya 1984 na 1995. Isitoshe, Sainz alikuwa bingwa wa dunia 1990 na 1992, Kankkunen 1993 na Didier Auriol wa Ufaransa 1994, wote wakitumia Celica.

Sifa hizo ni za kweli, lakini mnunuzi ajihadhari nazo. Gari la mashindano lilikuwa na timu ya mafundi iliyolifuata kila mahali na kubadilisha vyombo njiani. Celica ya kawaida unayoiona ikiuzwa ni gari la lami. Liko chini, na barabara ya changarawe yenye mashimo hulichosha haraka.

Toleo lipi linafaa?

Magari ya kabla ya 1989 sasa ni ya watu wanaokusanya magari ya kale. Kioo au taa ikivunjika, huenda ukatafuta nyingine kwa miezi. Mnunuzi wa kawaida aangazie matoleo mawili ya mwisho.

Toleo la sita (1993-1999) lina taa nne za mviringo mbele. Yale yaliyotoka Japani kwa kawaida yana injini ya lita 2.0 ya jamii ya 3S. Aina ya SS-I ina injini ya 3S-FE, ambayo mafundi wetu wameizoea kwa sababu ilitumiwa pia katika RAV4 ya kwanza na baadhi ya Caldina na Carina. SS-II ina 3S-GE, yenye nguvu zaidi.

Toleo la saba (1999-2006) lina pua iliyochongoka na lina uzani mdogo, takriban kilo 1,100. SS-I ina injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8 yenye nguvu za farasi 145 kwa vipimo vya Japani. Ni injini ile ile iliyowekwa katika baadhi ya Premio, Allion, Wish na Caldina. SS-II ina 2ZZ-GE, pia ya lita 1.8, lakini yenye nguvu za farasi 190. Zikiwa za gia za mkono, SS-I ina gia tano na SS-II ina gia sita.

Kwa mtu anayetaka gari la kutumia bila kuumiza kichwa, SS-I ya toleo lolote kati ya haya mawili ndiyo salama zaidi. GT-Four inavutia, lakini turbo na mfumo wa kusukuma magurudumu manne huhitaji fundi aliyebobea na mfuko mzito. Nyingi pia zimewahi kuongezewa nguvu na wenyewe, na injini iliyolazimishwa hivyo huchoka mapema.

Usitarajie kuagiza

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari kuukuu lililo na zaidi ya miaka minane. Kwa kuwa Celica ziliacha kuundwa 2006, mlango huo ulijifunga zamani kwa mnunuzi wa kawaida. Anayekuahidi kukuagizia Celica kutoka Japani leo, muulize maswali mengi kabla ya kumpa hata shilingi ya kwanza.

Hii ina maana kuwa utanunua gari lililokwisha kukaa katika barabara zetu kwa miaka mingi, pengine likiwa limepitia mikono ya watu wanne au watano. Usiiamini mita ya kilomita, kwa maana hurudishwa nyuma kwa urahisi. Tazama kanyagio za breki na klachi, usukani na kiti cha dereva. Vikiwa vimechakaa ilhali mita inaonyesha kilomita chache, kuna jambo unalofichwa.

Kukagua injini

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Injini baridi husema ukweli ambao injini moto huficha.

Kwanza chomoa kijiti cha kupimia oili. Injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo, kabla ya Toyota kubadilisha pistoni zake mnamo 2002 hivi, zinafahamika kwa kula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakaziba kwa masizi, na oili ikawa inaungua pamoja na petroli. Oili ikiwa chini kabisa ya alama, au ekzosi ikitoa moshi wa samawati unapokanyaga mafuta, jua kwamba unanunua pia kazi ya kufungua injini. Dawa ni kubadilisha pistoni na ringi, au kuweka injini nyingine.

Kwa SS-II yenye 2ZZ, nguvu ya pili hufunguka injini inapopita takriban mizunguko 6,000 kwa dakika. Injini ikiwa imepata moto vizuri, fundi wako aiendeshe mahali salama aone kama inashtuka na kuongeza kasi. Isipofanya hivyo, huenda boliti za mfumo huo zimelika, tatizo lililozoeleka katika injini za mwanzo. Injini hii pia hubana mafuta sana na hufanya kazi vyema kwa petroli ya kiwango cha juu, gharama ambayo hutaikwepa.

Injini za 3S hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji asipokuwa na risiti ya kuonyesha ulibadilishwa lini, chukulia kwamba haujabadilishwa na uweke gharama hiyo kwenye hesabu. Injini za 1ZZ na 2ZZ hutumia mnyororo. Sikiliza kama unagonga gari linapowashwa.

Fungua pia kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi. Maji yenye utando wa oili, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni dalili ya gasketi iliyoungua.

Chini na kwenye bodi

Lipandishe gari kwenye shimo la gereji. Angalia kama sehemu ya chini imegongwa na matuta, kama shokabzoba zinavuja, na kama kutu imeanza kula sehemu za juu ya magurudumu ya nyuma. Gari lililokaa Mombasa au Malindi likaguliwe mara mbili, kwani hewa ya chumvi haina huruma.

Kumbuka tofauti hii: vipuri vya injini, breki na vinginevyo vya ndani hupatikana kwa sababu vinafanana na vya magari mengine ya Toyota. Lakini bampa, taa, milango na vioo ni vya Celica peke yake. Gari lenye injini mbovu na bodi safi linaweza kuwa nafuu kulirekebisha kuliko lenye injini safi na taa iliyopasuka. Kabla ya kununua, pita kwa wauzaji wa vipuri wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au waliopo mjini kwenu, uulize bei ya taa moja na kioo cha mbele.

Stakabadhi

Linganisha nambari ya chesisi na ya injini kwenye gari na zile zilizo kwenye kitabu cha umiliki. Injini ikiwa imebadilishwa, mabadiliko hayo yawe yamesajiliwa.

Kupitia eCitizen unaweza kulipia nakala ya rekodi za gari kutoka NTSA. Itakuonyesha mmiliki halisi ni nani. Kitabu kikiwa na jina la benki au chama cha akiba pamoja na la muuzaji, mkopo haujaisha. Kadhalika, tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika, gari linaweza kuwa limewekwa rehani na likaandikwa katika sajili ya serikali. Sajili hiyo nayo hukaguliwa. Usilipe kiasi cha mwisho kabla ya mwenye gari mwenyewe kuanza kulihamisha kwa jina lako. Dalali hana mamlaka hayo.

Ulizia bima pia mapema. Kampuni nyingi husita kukatia gari la umri huu bima kamili, na ukipewa ile ya kulinda wengine tu, gari likiibwa au kuungua hasara ni yako.

Piga hesabu

Rahisi ghali, walisema wahenga. Tuseme umeweka kando Sh600,000. Usitafute gari la Sh600,000. Tafuta la Sh450,000, na zile Sh150,000 ziwe za uhamisho, bima, magurudumu, oili, mkanda na yale ambayo fundi atagundua mwezi wa kwanza. Kama pesa hizo haziwezi kugawanyika hivyo, subiri msimu mwingine.

Muhimu zaidi, pesa hizo zisiwe za mbegu, mbolea, karo au za kununulia bidhaa za duka. Celica haitakubebea magunia. Viti vya nyuma vikikunjwa itaingiza trei chache za mayai na hapo basi. Wala usikope kwa kuweka shamba ama kitabu cha pikapu yako rehani ili uipate, kwa kuwa chombo kisicholeta faida hakiwezi kujilipia mkopo.

Jambo moja la kutia moyo ni kwamba bei ya Celica ilishaanguka zamani, hivyo iliyotunzwa vyema haitapoteza thamani kwa kasi kama gari lililotoka bandarini juzi. Weka daftari la kila oili, kila kipuri na kila tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari, na siku utakapotaka kuiuza, daftari hilo ndilo litakalomshawishi mnunuzi kukuongezea bei.