Mashahidi Wasikie: Matumizi ya Amplifaya Katika Shughuli Zetu



Kumbi za hapa Washwood Heath na jirani zetu wa Alum Rock hukodiwa kwa arusi takriban kila mwisho wa wiki, na katika kila ukumbi hapakosi mashine ya sauti. Ningependa kukuhadithieni yaliyotokea katika arusi moja ya jamaa zetu, kisha tutazame sababu zake, kwa kuwa yanaweza kumfika yeyote.

Wanaume walikuwa ukumbini, wanawake chumba cha juu. Hotuba ya nikaha ilisikika vyema. Walii alipofungua kinywa kuoza, taa nyekundu ikawaka na sauti ikakatika. Kijana mmoja akaizima mashine na kuiwasha mara tatu. Spika zikapiga kishindo, watoto wakaangua kilio, na maikrofoni ikaanza kupiga mluzi. Hatimaye sheikh akasema, "Zimeni hiyo, sogeeni." Mashahidi wakasogea hata magoti yakagusana, na nikaha ikafungwa. Tulipokuwa tukila biriani, mama wa bi arusi aliteremka akauliza, "Jamani, tayari au bado?" Saa aliyoingojea miaka ilikuwa imempita.

Mimi niliyefundisha fizikia maisha yangu yote nilikuwa nimeketi hatua tano tu kutoka kwenye mashine ile. Naona haya kukiri kwamba sikuinuka kuitazama kabla ya shughuli.

Kwanza tutenganishe majina. Sisi huita "kipaza sauti" kila kitu, tangu kile cha mkononi hadi sanduku la ukutani. Hasa vyombo ni vinne. Maikrofoni hupokea sauti, mikisa huzichanganya na kuzipima, amplifaya huzipa nguvu, spika huzitoa. Kamba hukatikia pabovu, na siku ile pabovu palikuwa baina ya amplifaya na spika.

Kila spika ina kizuizi chake cha umeme, kinachopimwa kwa omu, na mara nyingi huandikwa mgongoni: 8 au 4. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba katika tundu moja, kizuizi hushuka kuwa omu 4. Ukiongeza ya tatu, kinakuwa omu 2 na theluthi mbili. Kizuizi kikipungua umeme huzidi, na amplifaya iliyoandikwa "omu 4" kuwa ndiyo kikomo chake huchemka, kisha hujizima kujiokoa. Spika mbili za ukumbini na ile ya chumba cha wanawake zote tatu zilikuwa upande wa kushoto. Upande wa kulia haukuwa na waya hata mmoja, kwa kudhaniwa kwamba ni wa muziki tu!

Amplifaya ya stirio ni mashine mbili ndani ya sanduku moja, na hiyo kwetu ni neema. Upande mmoja upeni ukumbi, upande wa pili chumba cha wanawake, na swichi ya nyuma iwekwe mahali pa mono ili sauti ileile ipite pande zote mbili. Kila upande una kitasa chake. Kina mama wakiomba waongezewe, hamtawapigia kelele wanaume. Palipoandikwa "bridge" msipaguse: hapo pande mbili huunganishwa kuhudumia spika moja, na kila upande huiona spika ya omu 8 kama ya omu 4.

Waya wa kwenda juu uwe mnene. Waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba, wenye urefu wa mita 20, ukipelekwa kwa spika ya omu 4, hula kiasi cha robo ya nguvu yote kwa joto la bure. Wa milimita 2.5 hula kidogo sana.

Katika kuwasha, anzeni na mikisa, amplifaya iwe ya mwisho, vitasa vikiwa chini. Katika kuzima, amplifaya iwe ya kwanza. Mkikosea mpango huu, ndipo kishindo hutokea. Taa nyekundu ya kilele ikiwaka mfululizo, punguzeni: mawimbi yanakatwa vichwa, na spika ndogo za sauti nyembamba ndizo huungua mwanzo. Mluzi nao ni maikrofoni kuisikia spika yake yenyewe. Spika ziwe mbele ya msemaji, na maikrofoni iwe karibu na kinywa, kadiri ya vidole vinne.

Msihadaike na wati. Kutoka wati 100 hadi 200 huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, nguvu yahitaji kuzidishwa takriban mara 10. Afadhali kuisogeza spika karibu na wasikilizaji. Mwenye kelele hana neno.

Upande wa usalama, plagi ya Uingereza yenye fyuzi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000, na birika kubwa la chai peke yake laweza kuzimaliza. Basi chai iwe na soketi yake. Waya wa kurefushia ukunjuliwe wote, usiachwe umezungushwa ukapata moto. Mashine ikinguruma, kamwe msiukate waya wa ardhi ili kuinyamazisha; waya huo ndio unaolinda roho ya mtu.

Tusiwasahau majirani, ambao nyumba zao zimeshikana na zetu. Sheria ya Kelele ya mwaka 1996 inahesabu usiku kuanzia saa 5 hadi saa 1 asubuhi, na halmashauri ina uwezo wa kuchukua vyombo.

Basi kabla ya wageni kuingia, mtu mmoja asome maikrofonini na mwengine apande juu, akae pale atakapokaa mama wa bi arusi, asikilize. Kazi hiyo haichukui hata dakika kumi. Arusi ijayo nitapanda mimi mwenyewe, magoti yakiniruhusu.