Je, Wajua? Kichwa Kinauma, Malaria Hakuna

Je, wajua kwamba wengi wenye sonona (wengine huiita unyogovu) hawafiki zahanati wakilalamikia huzuni? Husema kichwa kinagonga, mgongo unawaka, chakula hakina ladha, saa tisa za usiku macho makavu. Hupimwa malaria, hakuna. Hurudi nyumbani na panadol.

Je, wajua mpaka wa kuvumilia? Wiki mbili. Moyo ukiwa mzito au raha ya kila kitu ikiisha, karibu kila siku, kwa muda huo wote, na kazi au watoto wakianza kukushinda, nenda kituo cha afya. Si lazima uanzie hospitali za magonjwa ya akili kama Mirembe au Mathari.

Mtu akisema afadhali afe, wiki mbili hazisubiriwi. Apelekwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Na kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Nchini Kenya kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha sheria kilichosema hivyo. Nani angejitokeza kuomba msaada huku anaogopa pingu?

Je, wajua kwamba sonona hupimwa kwa maswali? Dodoso moja maarufu lina tisa, alama 0 hadi 27. Daktari makini ataagiza damu pia, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyolegea kazi huiga sonona.

Mwanamume mwenye sonona huenda asilie hata mara moja. Hufoka, hunywa, hukwepa watu. Mtaani wanasema amebadilika tabia.

Je, wajua kwamba moja ya dawa za kwanza za sonona ilikuwa ya kifua kikuu? Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa wa mapafu waliopewa iproniazidi walichangamka hadi wakacheza dansi wodini. Dawa za leo ni nyingine, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Wengi huziacha siku ya kumi, wakiapa ni feki. Kuziacha ghafla nako kuna madhara, mwulize aliyekuandikia.

Na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda wa Harare alitaka kutibu sonona, akaambiwa hakuna wauguzi, hakuna vyumba. Akapewa bibi 14. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kuchambua matatizo yake moja moja, wakikaa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba baada ya miezi sita, ni asilimia 14 tu ya waliohudumiwa kwenye benchi waliobaki na dalili za sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida, ni karibu nusu. Mabenchi hayo yamekwishafika Malawi na Zanzibar.