Ulipitia Wapi?

Mvua ilikuwa imenyesha Mutuini, huku kwetu Dagoretti, Nairobi, usiku kucha. Asubuhi niliteremka na gari kwa njia ya udongo, nikateleza kidogo penye kona, nikapanda hadi kwenye lami, na baada ya muda mfupi nilikuwa Southern Bypass nikielekea Mombasa Road. Hadi kilomita 60 kwa saa gari lilikuwa limetulia. Lilipofika 80, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu kama kuku aliyenyeshewa. Kufika 90, kioo cha kutazamia nyuma kilitikisika hadi nikashindwa kutofautisha lori na matatu. Nilipunguza mwendo, nikashika upande wa kushoto, nikaendelea roho mkononi.

Siku hiyohiyo nilipita katika gereji moja ya mjini. Fundi aliliendesha gari mita mia moja hivi, akarudi, akachukua karatasi na kuniandikia: raki ya stiringi, tai-rodi mbili, boljointi mbili, tairi mbili za mbele. Hakuwa ameliinua gari kwa jeki. Hakuwa amegusa gurudumu hata moja. Jumla ya hesabu ilikaribia karo ya muhula mzima.

Nilirudi nyumbani polepole, nikapitia kwa fundi ninayemjua huko Kirigu, ambaye gereji yake ni kiwanja kidogo chenye kibanda cha mabati na shimo la kukagulia magari lililofunikwa kwa mbao. Kabla ya kushika spana aliniuliza swali moja: "Mzee, leo asubuhi ulipitia wapi?"

Nilipomweleza, alilegeza nati, akaling'oa gurudumu la mbele na kuligeuza. Ndani ya rimu, upande ule ambao mwenye gari haoni, kulikuwa na bonge la udongo mwekundu karibu kama nusu mkate, limekauka na kung'ang'ania chuma. Gurudumu la pili lilikuwa na lake. Aliazima mpira wa maji kwa vijana wa kuosha magari, akasugua, akarudisha magurudumu, akaniambia niende hadi bypass nirudi. Kwa 90 usukani ulikuwa kimya kabisa.

Udongo wetu wa Dagoretti umetokana na miamba ya volkano. Huu ndio unaostawisha sukuma wiki na nyasi za ng'ombe mabondeni, na ukilowa hushika kila kitu. Sasa fikiria gurudumu la gari dogo: kwa kilomita 90 kwa saa linazunguka takriban mara 13 kila sekunde. Wanaofanya balansi hubandika vipande vya risasi au chuma vya gramu 5, gramu 10, kwa sababu gramu hizo chache zinatosha kuutikisa usukani. Mimi nilikuwa nimebeba robo kilo au zaidi upande mmoja wa rimu. Na nguvu ya mtikisiko haiongezeki sawa na mwendo: mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara 4. Ndiyo maana gari lilikuwa pole kwenye 60 na wazimu kwenye 90.

Nilipouliza ninadaiwa nini, fundi alikataa. "Hakuna deni, mzee. Sijafunga kitu."

Neno hilo limenikaa moyoni kuliko kisa chenyewe. Mtu aliyeniokolea fedha nyingi kiasi hicho aliona hastahili malipo kwa kuwa hakubadilisha kipuri. Yule aliyekisia bila kuangalia ndiye angelipwa vizuri. Sisi wenye magari ndio tuliouweka utaratibu huu. Tunalipia kufunga, hatulipii kutafuta, kisha tunalalamika kwamba mafundi hawatafuti.

Na kutafuta ni kazi. Nilirudi kwa fundi huyu Jumamosi kadhaa, nikakaa juu ya debe, nikamtazama anavyolisoma gari. Huanza na maneno ya mwenye gari, si na jeki. Mlio unasikika kwenye tuta au kwenye kokoto ndogondogo? Unausikia miguuni au mikononi? Mlio wa miguuni, ule unaopita kwenye sakafu ya gari, mara nyingi ni wa suspensheni: linki, bushi, shoki (Watanzania husema shokapu). Mlio unaougusa kwa viganja kupitia usukani humpeleka kwanza kwenye raki, tai-rodi, au kiungo cha mhimili unaoshuka kutoka usukani hadi kwenye raki. Gari likilia tik-tik-tik unapokata kona hadi mwisho na kukanyaga mafuta, haangalii shoki kabisa. Anainama kutazama mpira unaofunika kiungo cha ekseli. Mpira ukipasuka, grisi hutoka na vumbi letu jekundu huingia, na vumbi hilo hukisaga chuma kama msasa.

Kok-kok ya kwenye mashimo madogo, ambayo wakazi wengi wa huku wameizoea hata hawaisikii tena, mara nyingi hutokana na kitu chepesi kuliko vyote, yaani linki ya stabilaiza, kifito kinachozidi kidogo unene wa kidole, chenye kiungo kila ncha. Ndicho kinachochoka mapema katika barabara zenye mashimo, na ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu na rahisi kubadilisha. Ila kok-kok hiyohiyo imewafanya watu wanunue shoki nne.

Kisha huja jeki, na mawe au magogo ya kuzuia magurudumu ya nyuma. Gurudumu la mbele likiwa juu, fundi hulishika kushoto na kulia, akalisukuma huku akilivuta. Likicheza, macho yake huenda kwenye tai-rodi na raki. Halafu hulishika juu na chini. Likicheza hapo, ni boljointi au beringi ya gurudumu, na mafundi wengi huishia hapo na kununua vyote viwili. Yeye humwita kijana wake aingie ndani akanyage breki, kisha hulitikisa tena. Breki imelifunga gurudumu na kitovu chake kwenye sehemu isiyozunguka inayokibeba, kwa hiyo mchezo ukitoweka, kosa lilikuwa la beringi. Mchezo ukibaki, beringi haina hatia. Jaribio hilo huchukua nusu dakika, wala halihitaji kompyuta.

Boljointi ndiyo anayoiogopa kuliko zote, na mimi nimejifunza kuiogopa pamoja naye. Imeundwa kama nyonga ya binadamu: tufe ndani ya kikombe. Ikilegea, hulia kwa muda, na mwenye gari huongeza sauti ya redio. Siku ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na gari halina usukani tena. Tumeyaona magari yamepiga magoti katikati ya barabara namna hiyo. Matatu hulazimika kukaguliwa kila mwaka, na kwa Nairobi wengi tunaijua foleni ya Likoni Road. Gari lako na langu huenda likapita miaka bila mtu kulitikisa gurudumu.

Tairi nalo ni shahidi asiyenunulika. Fundi hupitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kurudi. Kama ni laini kwenda na ni kali kurudi, mithili ya kumpapasa samaki kinyume cha magamba, magurudumu ya mbele hayatazami njia moja, na hapo alaimenti inahitajika. Likiliwa ukingo wa ndani tu, magurudumu yameinamia ndani kwa juu, au yameachana kwa mbele. Likiwa na mabonde na vilima kuzunguka duara, shoki zimekufa na gurudumu limekuwa likidunda barabarani kama mpira. Kingo zote mbili zikiisha na katikati kubaki, umekuwa ukiendesha na upepo mdogo. Nimewaona watu wakifanya alaimenti mara tatu kwa mwaka bila nafuu. Alaimenti juu ya bushi iliyochanika ni kazi bure, kwani ukishaondoka kwenye mashine na kupita tuta la kwanza, vipimo vimehama.

Magari mengi tunayoyaendesha hapa hufika yakiwa yametumika Japani, na kanuni ya Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Yalizaliwa kwa barabara nyororo. Mengi yana mguu wa mbele wa aina aliyoibuni Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940, ambapo shoki na springi vimeunganishwa kuwa nguzo moja inayobeba gari na pia kugeuka pamoja na gurudumu. Ni ubunifu wa akili nyingi: vipuri vichache, nafasi ndogo, gharama ndogo. Lakini nguzo hiyo moja inafanya kazi ya wawili, na juu yake kuna maunti yenye beringi ndogo. Ukikata usukani gari likiwa limesimama ukasikia springi ikitoa mlio wa uzi wa gitaa, anzia hapo.

Halafu sisi tunayainua. Tumechoka kukwaruza tumbo la gari kwenye matuta yasiyo na alama, basi tunaweka vipande vya mpira au chuma juu ya springi, gari linapanda inchi moja au mbili, na tunafurahi. Simlaumu anayefanya hivyo, maana najua njia zetu. Ila mikono ya suspensheni sasa inaning'inia kwa pembe ambayo haikukusudiwa, boljointi na viungo vya ekseli vinafanya kazi vikiwa vimepinda saa zote, na alaimenti ya jana haifai tena. Anayeinua gari bila kurudi kwenye mashine ya alaimenti anazilipia springi kwa tairi.

Vipuri tunavipata Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, jina la mlowezi Ewart Grogan lililokaa midomoni miongo mingi baada ya kibao kubadilishwa. Huko utaulizwa: mpya au mtumba wa Japani? Kwa raki, mtumba safi huweza kuishi kuliko mpya wa bei ya kutupa. Kwa boljointi na bushi, nisingechukua mtumba hata wa bure, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukiwa kwenye rafu. Shoki hununuliwa mbilimbili, kushoto na kulia, la sivyo gari litayumba kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Na ukibadilisha tai-rodi, hesabu mizunguko ya ile ya zamani unapoifungua, uirudishe mpya kwa idadi hiyohiyo. Haikuondolei haja ya alaimenti, lakini inakufikisha kwenye mashine bila kula tairi njiani.

Ninapofikiria mafundi wanaolisikiliza gari, namkumbuka Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekulia katika ufundi wa magari kabla ya dunia kumjua. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally pamoja na nduguye Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika mashindanoni, kisha akashinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi. Katika nyakati hizo mashindano yalipita barabara za kawaida, matope na mawe yaleyale ya wakulima na wachuuzi. Dereva aliyejua kutofautisha mlio wa bushi na mlio wa boljointi alikuwa na nafasi ya kufika.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi wa Kirigu gari kwa sababu lilikuwa likivuta kushoto kila nikifunga breki. Nilimwambia mapema kwamba nitalipia ukaguzi, apate kosa asipate. Alionekana kuona haya kidogo, kisha akaanza kazi. Alipima upepo wa tairi kwanza. Akazungusha magurudumu kwa mkono kuona kama breki ya upande mmoja inang'ang'ania. Mwishowe, kwa nondo, alisukuma mkono wa chini wa suspensheni upande wa kushoto, nikaiona bushi ya nyuma ikifunguka mdomo. Kila nilipofunga breki, gurudumu zima lilikuwa likirudi nyuma kidogo.

Nilileta bushi mpya kesho yake. Aliikandamiza mahali pake, akarudisha mkono, akapitisha bolti, na kuiacha imelegea. Nilidhani amesahau. "Nikiikaza gari likiwa limening'inia," alisema, "mpira utajua hapo ndipo kwao. Nikilishusha utakuwa umejipinda siku zote, na baada ya miezi michache utachanika kama huu." Bushi haizunguki kwenye bolti, ndani yake mpira umeshikamana na chuma, na unachofanya ni kujipinda huku na huku. Lazima bolti ikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake, kwa uzito wake. Ni mafundi wangapi wameziharibu bushi mpya kwa kuzikaza haraka jeki ikiwa bado juu, kisha kipuri kikaitwa feki?

Aliteremsha gari, akalisukuma mbele na nyuma likae sawa, akaondoa mbao za shimo na kuliegesha juu yake. Manyunyu yalikuwa yameanza. Akatandika gunia ndani ya shimo, akashuka na spana yake ndefu.

"Mzee, ingia ukae kwenye kiti chako," aliita kutoka chini. "Nataka na uzito wako."

Niliingia, nikashika usukani bila kuugeuza, na kuisikia bolti ikikazwa chini ya miguu yangu, kidogo kidogo, hadi alipogonga bodi mara mbili kuniashiria niwashe gari.