Bei ya Upepo: Gharama na Faida za Umeme wa Jua na Upepo

Umeme wa jua na upepo hutofautiana na umeme wa dizeli, gesi au makaa ya mawe katika jambo moja la msingi, nalo ni wakati ambapo gharama zake hulipwa. Mtambo wa dizeli hununuliwa kwa bei nafuu kiasi, kisha hulishwa mafuta siku zote za uhai wake, hivyo sehemu kubwa ya gharama ya kila uniti ya umeme, yaani nguvu ya kilowati moja itumikayo kwa muda wa saa moja, ni bei ya mafuta yaliyochomwa siku hiyohiyo. Paneli za sola na mitambo ya upepo hazihitaji mafuta. Badala yake, karibu gharama yote huingia kabla ya uniti ya kwanza kuuzwa, katika ununuzi wa vifaa, ujenzi wa barabara na misingi, uvutaji wa nyaya, na riba ya mkopo uliogharimia hayo yote. Kwa hiyo anayetaka kujua kama umeme huu ni ghali au nafuu hana budi kwanza kujua fedha zilikopwa kwa riba gani, umeme unasafirishwa umbali gani, unapatikana saa ngapi, na nani anabeba gharama zisizoonekana katika bili.

Paneli ya sola huundwa kwa vipande vyembamba vya silikoni, ambavyo elektroni zake huanza kutembea zinapopigwa na mwanga na hivyo kuzalisha mkondo mnyoofu, ambao kifaa kiitwacho inveta huugeuza kuwa mkondo geu unaotumika majumbani. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu hushusha takriban wati 1,000 katika kila mita ya mraba, na paneli za siku hizi hubadili kiasi cha sehemu moja kati ya tano ya nguvu hiyo kuwa umeme. Watu wengi hudhani kwamba penye joto kali ndipo panapofaa zaidi kwa sola, lakini kinachozalisha umeme ni mwanga, na joto huupunguza: uwezo wa paneli ya kawaida hushuka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi inayozidi nyuzi 25, ndiyo maana fundi mzoefu huacha nafasi kati ya paneli na bati ili hewa ipite.

Mtambo wa upepo nao huzalisha umeme pale upepo unaposukuma mapanga yake na kuzungusha mhimili wa jenereta. Nguvu iliyomo katika upepo hufuata mchemraba wa kasi yake, maana yake ni kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Mwanafizikia Mjerumani, Albert Betz, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba hakuna mtambo unaoweza kuvuna zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo, kwa kuwa hewa iliyokwisha kupita mapanga lazima ibakiwe na mwendo wa kuondoka, la sivyo ingeizuia ile inayofuata nyuma yake. Kwa sababu ya kanuni hiyo ya mchemraba, tofauti ndogo ya kasi kati ya kilima kimoja na kingine yaweza kuamua kama mradi utalipa au utakula hasara.

Mfano ulio wazi zaidi katika Afrika Mashariki uko kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, karibu na Loiyangalani. Huko upepo unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya hubanwa na kuongezeka kasi, hata wastani wake ukafikia takriban mita 11 kwa sekunde. Mradi wa Ziwa Turkana una mitambo 365, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850, na jumla yake ni megawati 310. Mapanga yake yana kipenyo cha mita 52, ambacho ni kidogo kikilinganishwa na cha mitambo inayojengwa siku hizi, lakini yalichaguliwa kwa kuwa yanahimili upepo mkali na yaliweza kubebwa na malori kutoka bandari ya Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, ambayo kipande chake cha mwisho kilibidi kwanza kitengenezewe barabara. Kipimo kinachotumiwa kulinganisha maeneo ni uwiano kati ya umeme unaozalishwa kwa mwaka na ule ambao ungezalishwa kama mitambo ingefanya kazi kwa nguvu zake zote bila kusimama. Uwiano huo hupita nusu huko Marsabit katika mwaka mzuri, ilhali mradi wa sola ulio karibu na ikweta hupata kiasi cha asilimia 20, kwa sababu usiku huondoa nusu ya saa zote na jua la asubuhi na jioni huwa dhaifu.

Kutokana na gharama kutangulia mapato, riba ndiyo kiungo kizito kuliko vyote katika bei ya umeme huu. Tuseme mradi wa sola wa megawati moja umegharimu dola milioni moja, unazalisha uniti 1,752,000 kwa mwaka, na mkopo wake unalipwa kwa miaka 25. Riba ikiwa asilimia 3, marejesho ya mkopo hufikia takriban dola 57,400 kwa mwaka, sawa na senti 3.3 za dola kwa kila uniti. Riba ikiwa asilimia 12, marejesho hupanda hadi takriban dola 127,500, na uniti ileile hufikia senti 7.3. Jua ni lilelile, paneli ni zilezile na fundi ni yuleyule, lakini mnunuzi wa umeme hulipa zaidi ya mara mbili. Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu limekadiria kwamba gharama ya umeme wa miradi mikubwa ya sola ilishuka kwa takriban asilimia 85 kati ya mwaka 2010 na 2020, lakini nchi inayokopa kwa riba ya juu huambulia sehemu tu ya unafuu huo.

Gharama ya pili hutokana na sarafu. Mradi wa Ziwa Turkana uligharimu zaidi ya euro milioni 600, na kwa vile mikopo yake ni ya euro, bei ya umeme wake nayo iliwekwa kwa euro, takriban senti 7.5 kwa uniti kwa miaka 20. Mwaka 2019, euro ilipokuwa karibu shilingi 115 za Kenya, bei hiyo ya msingi ilikuwa sawa na takriban shilingi 8.6; mwanzoni mwa mwaka 2024, euro ilipokuwa juu ya shilingi 170, bei ileile ilizidi shilingi 12.7. Upepo haukupanda bei hata kidogo, ila shilingi iliyoshuka thamani ndiyo iliyomfikia mtumiaji.

Gharama ya tatu ni njia ya kusafirishia umeme, kwani mahali penye upepo mzuri ni nadra kuwa mahali penye watu na viwanda. Umeme wa Loiyangalani husafiri zaidi ya kilomita 400, kwa nyaya za msongo wa kilovoti 400, hadi kituo cha Suswa katika kaunti ya Narok. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, lakini ujenzi wa njia hiyo, ambao ulikuwa jukumu la upande wa serikali, ulichelewa baada ya mkandarasi wake kutoka Hispania kufilisika, ikabidi kazi ikabidhiwe kwa makampuni ya China na kumalizwa mwezi Septemba 2018. Katika kipindi hicho chote mapanga yalikuwa tayari kuzunguka na umeme haukuwa na pa kupitia. Na kwa kuwa mkataba uliitaka Kenya ilipie umeme ambao ungezalishwa, deni la mabilioni ya shilingi lilijikusanya na kuishia kwa walipa kodi na wateja wa umeme.

Masharti hayo ya kulipia umeme utumike usitumike hayakuwa mapya. Wakopeshaji huyadai ili wawe na uhakika wa kulipwa, lakini yanahamisha hatari kutoka kwa mwekezaji hadi kwa mnunuzi, na hofu ya kuwapo kwa umeme uliozidi mahitaji ilichangia Benki ya Dunia kujiondoa katika dhamana ya mradi huo mwaka 2012. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani mahitaji ya juu kabisa ya Kenya hayakuwa yamefika megawati 2,000 mradi ulipoanza kuuza umeme.

Hapa ndipo linapoingia suala la saa. Mahitaji ya umeme nchini Kenya hufikia kilele kati ya saa moja na saa tatu usiku, familia zinapopika, kuwasha taa na kutazama televisheni, wakati ambapo mradi wa sola wa Garissa wenye uwezo wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, hautoi hata wati moja. Upepo wa Turkana una tabia tofauti: huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri, kisha hupungua mchana. Hivyo umeme wake hufika kwa wingi pia usiku wa manane, wakati nchi imelala na viwanda vingi vimefungwa, na kwa vile ni lazima ulipiwe, kuna nyakati ambapo mvuke wa jotoardhi wa Olkaria umeachwa upotelee hewani badala ya kuzungusha jenereta. Uniti ya upepo inayosababisha mvuke kupotea haiongezi umeme wowote nchini, ingawa huongeza malipo.

Dawa ya tatizo hilo ni kuunganisha vyanzo vyenye tabia tofauti. Upepo unapovuma, maji ya mabwawa yaweza kuzuiliwa na kutumika jioni, na kwa njia hiyo bwawa hufanya kazi ya betri bila betri kununuliwa; Tanzania, yenye bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115 na mradi wa sola wa Kishapu mkoani Shinyanga, ina nafasi nzuri ya kufanya hivyo. Njia zinazounganisha gridi za nchi jirani, kama ile inayoleta umeme wa Ethiopia Kenya na ile ya kutoka Isinya nchini Kenya hadi Singida nchini Tanzania, huongeza wigo huo, kwani umeme unaozidi upande mmoja hupata mnunuzi upande wa pili.

Gharama ya nne haimo katika hesabu za benki, nayo ni ardhi. Mitambo ya upepo yenyewe hukalia sehemu ndogo ya eneo lake na mifugo huweza kulisha katikati yake, lakini umiliki ni jambo jingine. Mwezi Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi wa Ziwa Turkana zilipatikana bila kufuata taratibu za sheria, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa eneo hilo la wafugaji. Mradi mwingine, wa megawati 60 huko Kinangop, uliachwa mwaka 2016 baada ya upinzani mkali wa wakazi, bila mtambo hata mmoja kusimamishwa.

Vijijini ambako gridi haijafika, hesabu hubadilika. Uniti inayotoka katika paneli ndogo na betri yake ni ghali kuliko ya gridi, lakini haishindani na gridi bali na kibatari, ambacho mafuta yake ya taa hununuliwa kila wiki, moshi wake huvutwa na watoto wanaosoma, na mwanga wake ni hafifu. Tatizo la gharama kutangulia lipo hapa pia, na tangu mwaka 2012 hivi makampuni kadhaa yamelitatua kwa kukopesha vifaa vya sola kwa malipo madogo ya kila siku kupitia simu, ambapo mteja asipolipa kifaa huzimwa kutoka mbali. Hata hivyo, jumla ya malipo hayo huzidi sana bei ya taslimu, hivyo maskini hulipia riba kama nchi yake inavyolipa.

Betri nayo ina masharti yake. Betri ya risasi na asidi ikimalizwa chaji hadi chini kila siku hufa mapema, pengine ndani ya miaka miwili au mitatu, ilhali paneli iliyoichaji hudumu miaka 25 au zaidi. Betri za lithiamu hustahimili zaidi, ila bei yake ya kuanzia ni kubwa. Betri iliyokufa pia ni sumu ikishughulikiwa ovyo. Katika kijiji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata risasi kiliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri za sola zinavyozidi kuenea, mahali zitakapokusanywa zikichakaa panapaswa kupangwa mapema.

Pamoja na gharama hizo zote, faida za vyanzo hivi ni kubwa. Kwa makadirio ya Jopo la Serikali Mbalimbali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi yaliyotolewa mwaka 2014, uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe huzalisha takriban gramu 820 za hewa ukaa, ya gesi 490, ya miradi mikubwa ya sola 48, na ya upepo wa nchi kavu 11 tu, hata utengenezaji wa vifaa ukihesabiwa. Faida ya pili huonekana katika akiba ya fedha za kigeni, kwani nchi isiyo na visima vya mafuta hulipa dola kwa kila lita ya dizeli, tena kwa bei ambayo mtu hawezi kuitabiri, na mahitaji hayo huzidi hasa mwaka wa ukame, mabwawa yanapopungua maji. Mradi wa upepo ukishajengwa, gharama yake hujulikana kwa miaka 20 mbele, na mkopo ukimalizika huku mitambo ikiwa bado mizima, kinachobaki kulipwa ni matengenezo.

Kwa hiyo bei ya umeme wa jua na upepo huamuliwa zaidi na mpangilio wa kazi kuliko na vifaa vyenyewe. Nchi inayopata mkopo wa riba nafuu, ikakopa kwa sarafu yake pale inapowezekana, ikamaliza njia ya umeme kabla ya mitambo, ikapatana na wenye ardhi kabla ya kuchimba misingi, na ikanunua umeme wa saa inayouhitaji, itaupata kwa bei ambayo dizeli haiwezi kuifikia. Nchi inayogeuza utaratibu huo itakuwa na mitambo ileile na upepo uleule, lakini wananchi wake watalipia umeme ambao hawakuutumia.