Jicho Lililopigwa Halijamaliza Hesabu

Mwaka 1962, huko Bromley, kusini mwa London, wavulana wawili waligombania msichana. George Underwood akamtwanga rafiki yake ngumi ya jicho la kushoto. Rafiki huyo alikuwa David Bowie, aliyekuja kuwa mwanamuziki mashuhuri duniani. Walipatana, na baadaye Underwood alishiriki kutengeneza majalada ya albamu za Bowie. Lakini mboni ya jicho lile haikusinyaa tena hadi Bowie alipofariki mwaka 2016. Wengi walidhani ana macho ya rangi mbili. La hasha: msuli mdogo unaobana mboni mwanga unapozidi ulikuwa umeumia, na mboni ikabaki imetanuka.

Jicho limejaa majimaji, na majimaji hayashindiliki. Ngumi, mpira au kiwiko kikiligonga kwa mbele, linabonyea na kutanuka ubavuni kwa ghafla, kama puto la maji lililobanwa kati ya viganja. Hapo huchanika vilivyoshikizwa pembeni: duara lenye rangi, nyuzi za lenzi, ukingo wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kwa hiyo ngozi inaweza kubaki bila mkwaruzo hata mmoja huku ndani kumeharibika.

Siku za mwanzo, tatizo la kuogopwa ni damu kuvuja mbele ya mboni. Huenda ikatuama chini na kuonekana kama mstari mwekundu. Mgonjwa alale kichwa kikiwa juu, asilifikiche jicho, wala asimeze aspirini, kwa sababu damu inaweza kuvuja upya ndani ya siku 5 za kwanza. Mwenye selimundu, hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu na hajawahi kuugua, yuko hatarini zaidi: seli zake ngumu za damu huziba njia ya maji ya jicho, presha ikapanda hata damu ikiwa kidogo. Katika nchi zetu, ambako selimundu imeenea, swali hilo lingepaswa kuulizwa kila anapofika hospitalini mtu aliyepigwa jicho.

Kisha damu inatoweka, maumivu yanaisha, mtu anarudi kazini. Mimi naona hapa ndipo tunapokosea zaidi, kwa kudhani mambo yamekwisha. Mtoto wa jicho anaweza kuanza miezi au miaka baadaye. Retina inaweza kubanduka. Bondia Sugar Ray Leonard alifanyiwa upasuaji wa tatizo hilo mwaka 1982. Kibaya kuliko vyote ni kimya cha glakoma, yaani presha ya jicho inayoharibu uoni. Pembeni mwa jicho, pale maji yake yanapotoka nje, mchaniko huacha kovu na mfereji wa kuyatoa hupungua kazi polepole. Wengi hawafikii huko, lakini kati ya macho yenye mchaniko mpana, inakadiriwa kuwa 5 hadi 10 katika kila 100 hupata glakoma, mengine baada ya miaka 10 au zaidi. Hakuna maumivu. Uoni unapungua kutoka pembeni, na ulichopoteza hakirudi.

Ukiona cheche, nzi weusi wanaoelea au pazia likishuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usitie maziwa wala maji ya majani. Na kama uliwahi kupigwa jicho, hata ulipokuwa mtoto, mwambie daktari wa macho, akukague ndani ya jicho na kukupima presha yake kila mwaka, maisha yako yote.